Naomba ushauri: ufukwe mtulivu kwa matembezi ya siku moja na familia

Mama Wawili: Habari zenu, ndugu zangu. Tunapanga kwenda ufukweni asubuhi na kurudi jioni: mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wa miaka 4 na 9. Mara ya mwisho tulikwenda kwenye ufukwe wenye watu wengi, na muziki ulipigwa kwa sauti kubwa hata mdogo akawa analia huku ameziba masikio, tukaondoka kabla ya adhuhuri. Sasa nimeona ufukwe ambao hauna mtu kabisa, na moyo umeshaupenda. Nizingatie nini kabla ya kuamua?

Mvuvi wa Zamani: Dada yangu, kabla ya kufurahia kwamba hakuna mtu, uliza kwanza kwa nini hakuna mtu. Utulivu wa nchi kavu ni jambo moja na usalama wa maji ni jambo jingine. Ukiona mawimbi yanavunjika pande mbili na katikati pametulia, usiwaingize watoto hapo, kwa sababu mara nyingi ndipo maji yaliyosukumwa ufukweni yanapopata njia ya kurudi baharini, na mkondo huo unaweza kufikia kasi ya mita 2 kwa sekunde, ambayo hata mwogeleaji hodari haiwezi. Anayenaswa asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke, na akichoka aelee na kupunga mkono. Huyo wa miaka 9 mfundishe hayo mapema. Wa miaka 4 hafundishiki katika jambo hili, anahitaji mtu mzima ambaye mkono wake unamfikia wakati wote. Kwa maoni yangu, chagua ufukwe wenye waokoaji, nenda siku ya kazi asubuhi, kisha sogeeni mbali na muziki lakini msitoke machoni pa waokoaji.

Baba Mapacha: Nakubaliana naye kabisa, na naongeza suala la maji kujaa na kupwa. Katika pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa uliyoikuta maji yamepwa wiki iliyopita si saa utakayoikuta safari hii. Tafuta jedwali la siku yenyewe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na maji hupanda juu kuliko kawaida. Sisi tulitandika mkeka mahali pakavu, tukalala usingizi, tukaamshwa na ubaridi mgongoni huku kiatu kimoja cha mtoto kikielea. Tangu siku hiyo hutafuta kwanza ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji, tukakaa juu yake. Kwa mama mkwe wako, maji yakipwa ni afadhali zaidi, kwani mchanga mbichi ulioshikana hautesi magoti kama mchanga mkavu unaotitia.

Mama Wawili: Nashukuru sana. Je, nitajuaje kama maji yana kina cha ghafla?

Mvuvi wa Zamani: Angalia mawimbi yanavyovunjika. Yakianza kuvunjika mbali na kuja taratibu, mara nyingi chini pana mteremko mdogo. Yakijibwaga kwa kishindo miguuni pako, mteremko ni mkali, na hatua tatu tu zinaweza kukufikisha kifuani. Hapo si pa mtoto mdogo.

Msafiri Mtaratibu: Msisahau kivuli, hata kama kuna mawingu. Mchanga huakisi hadi asilimia 15 ya mionzi ya jua inayounguza ngozi, kwa hiyo mtoto aliye chini ya mwavuli bado anafikiwa. Mvalishe nguo ya mikono mirefu.

Mama Wawili: Ule ufukwe usio na mtu nimeuacha. Upo mwingine wenye waokoaji, na Jumatano mimi na mume wangu tutakwenda wenyewe maji yakiwa yamepwa, tutazame miamba iko wapi na mama atatembea umbali gani kutoka garini, kisha ndipo tuwapeleke watoto.