Naomba ushauri: wanaosukuma chini badala ya kukaza

Wadau mnaofundisha mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayoshikilia kibofu kwa chini), naombeni msaada. Mkojo unaomtoka mwanamke akikohoa, akicheka au akinyanyua mzigo mara nyingi hutokana na misuli hiyo kulegea, hasa baada ya kujifungua. Shinikizo la tumbo likipanda, mrija wa mkojo hukosa egemeo. Kiwango kinafahamika: mikazo 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Kinachokwamisha ni namna ya kukaza. Wengi huzuia pumzi na kusukuma chini, na hapo uvujaji huzidi. Wengine hukaza makalio tu. Mnamwelekezaje mtu avute juu huku akipumua, na akaze kabla kikohozi hakijatoka? Kwa anayeona haya kupimwa kwa kidole ukeni kuona kama anakaza sawasawa, kujitazama kwa kioo kunatosha?