Mrejesho: Nyumba ya familia Houten, Uholanzi

Niliuliza kama mkopo wa benki unatosha kugharamia kila kitu kwa nyumba ya familia kule Houten, karibu na Utrecht. Hautoshi. Benki hukopesha hadi asilimia 100 ya thamani iliyothibitishwa na mthamini, basi. Wengi hukwama hapa: ukipandisha dau hadi euro 480,000 kwa nyumba iliyothaminiwa 450,000, zile 30,000 unazitoa taslimu mfukoni mwako. Ongeza kodi ya uhamisho wa umiliki asilimia 2 (aliye chini ya miaka 35 anaweza kusamehewa mara moja, bei isipozidi kikomo cha mwaka huo), pamoja na gharama za notari (mwanasheria anayethibitisha hati za nyumba), mthamini na mshauri wa mkopo.

Msikubali kabisa kuondoa sharti la mkopo kwenye mkataba ili kumvutia muuzaji. Likiwepo, ukinyimwa mkopo unajitoa salama kwa barua ya benki, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Lisipokuwepo, faini kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Siku 3 za kughairi ununuzi huanza baada ya kupokea nakala iliyosainiwa.

Nyumba za kabla ya 1994 zikaguliwe asbesto (nyenzo ya ujenzi yenye vumbi hatari kwa mapafu). Na utulivu wa Houten upo kweli: magari huzungukia barabara ya nje, baiskeli ndizo hukatiza katikati.