Mrejesho: Ugomvi wa magazeti katika nyumba niliyopanga Pune

Wiki tatu zilizopita niliuliza iwapo mimi, mwanafunzi kutoka Tanga niliyepanga chumba kwa familia ya Kimarathi huku Kothrud, mtaa wa jiji la Pune nchini India, niingilie ugomvi wa kila asubuhi baina ya baba na mama mwenye nyumba. Wengi mlinishauri ninyamaze, nami nikanyamaza.

Jumapili alipita mnunuzi wa magazeti makuukuu, na mama, ambaye siku zote hulalamika kwamba rundo lililo chini ya kitanda linafuga mende, akamwita apande na mizani yake. Baba akachomoka bafuni, povu la kunyolea likiwa bado shavuni, akidai kwamba humo mna mafumbo ya maneno ambayo hajayamaliza. Walibishana hadi dengu zikaungulia ndani ya jiko la presha, kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

“Kaka,” nilimjibu baba (kwa Kimarathi ndivyo aitwavyo baba mdogo, na bado hunichekesha), “tuuze ya mwaka jana pekee.”

Ziliuzwa kilo 11. Sasa wanagombania swichi ya hita ya maji.