Naomba ushauri: sandwichi za tango jukwaani

Wakuu, tunaandaa tamthilia ya kuchekesha, The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde (London, 1895). Kinachotusumbua ni chakula. Mwanzoni mhusika Algernon anamaliza sahani nzima ya sandwichi za tango huku anaongea. Mkate ukimkwama kooni, kichekesho kimekwenda. Tumetoa maganda ya mkate, siagi tumepaka nyembamba, tango tumelitia chumvi na kulikamua maji, kila kipande kinalingana na kidole gumba. Hapo afadhali. Shida ni mafini (mikate midogo ya mviringo) za sehemu ya pili: zinamwaga chembechembe na zinakausha mdomo. Mnaweka nini badala yake? Halafu vile vipande vinne vya sukari kwenye chai ya mhusika Gwendolen: tukiweka vya kweli, mwigizaji anakunywa sharubati kila usiku; tukiweka vya plastiki, vinagonga kikombe, ukumbi mzima unasikia.