Tupeane uzoefu: wanafunzi na watumishi mkitoka pamoja kujitolea, koleo mkononi

Mleta mada: Wakuu, nimeona picha za chuo wanakarabati madarasa nikakumbuka zamu yetu. Mhasibu anakoroga zege, na anayetoa amri ni dogo wa mwaka wa kwanza, fundi uashi kabla hajaja chuo. Wahadhiri wanamtii bila neno. Hiyo kwangu ndo raha ya hizi kazi. Leteni zenu.

Kidume: Kwetu alikuwa mkutubi. Yule mama anabeba tofali balaa.

Dada Zamu: Mi ya mtaro mpaka leo inanirudia. Tunachimba mtaro wa maji ya mvua, udongo kichanga, kina kimefika mabegani na udongo wote unarundikwa palepale ukingoni, mlinzi wetu mmoja, mzee aliyewahi kuchimba visima, akasema sogezeni huo udongo mbali, msimamizi akamjibu muda hautoshi. Haikuchukua muda ukingo ukashuka ukamfukia kijana mpaka kifuani!! Watu wanakimbilia majembe, mzee anapiga kelele mikono tu, mikono tu, wengine rudini nyuma upande wa pili usije ukaanguka. Mkuu wa idara na wanafunzi wake wamepiga magoti wanafukua kwa vidole, kijana anasema hapati pumzi. Mita moja ya ujazo ya udongo inapita tani, we fikiria. Alitoka akalazwa, akapona. Kinachoniuma mzee alishasema mapema, hawakumsikiliza kwa sababu ni mlinzi.

Neema: Jamani 😭 poleni

Fundi Mchundo: Mtaro ukifika mita 1.5 kingo zikingwe kwa mbao, na udongo ukae sentimita 60 au zaidi kutoka ukingoni. Kichanga hata kabla ya hapo.

Msomi: Ndo maana nasema wanafunzi wapande miti tu basi.

Kidume: Miti tu? Mkishaondoka nani anamwagilia? Nimekuta miche imefukiwa na viriba vyake vya nailoni, mizizi haina pa kupita. Mtaro unatoa maji vyumbani mwa watu bwana.

Msomi: Sijasema mtaro hauna maana, soma vizuri.

Neema: Na wanaogawa alama ili wanafunzi waje, huko ni kujitolea?

Mleta mada: Kuna waliokuja kwa alama wakabaki kwa moyo, nimewaona.

Kidume: Basi na watumishi wapewe alama 😂

Mgeni21: Samahani, Jumamosi tunapaka rangi darasa, ukuta chini una unyevu. Tufanyeje?

Msomi: Pakeni rangi mara mbili, itashika.

Fundi Mchundo: Haishiki, itabanduka yote. Ahirisheni rangi mtafute kwanza maji yanakotoka, plasta iliyooza ing'olewe, na mkipiga mpya muimwagilie wiki nzima.

Dada Zamu: Kabla ya yote muulizeni anayefanya usafi hapo, yeye ndo anaona maji yanaingilia wapi kila mvua ikinyesha.