Mtoto wa waanzilishi wa Oregon, au mtu aliyeishi kwao tu?

Swali: Ndugu wachangiaji, mti wa ukoo wa pamoja kwenye FamilySearch, tovuti ya utafiti wa nasaba, unamtaja babu wa babu yangu kuwa mtoto wa wenzi waliofika Oregon mwaka 1852 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ushahidi pekee uliowekwa ni sensa ya Marekani ya 1860 inayomwonyesha akiishi kwao. Kwa tarehe zilizopo, huyo mama angemzaa akiwa na miaka 11. Je, nifute kiungo hicho?

Jibu la 1: Usikifute bado, ingawa shaka yako ina msingi. Sensa ilianza kuwataja watu wote huru kwa majina mwaka 1850, lakini uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi 1880. Kwa hiyo anaweza kuwa mpwa, yatima aliyelelewa au hata kibarua.

Jibu la 2: Tafuta faili la ardhi yao chini ya sheria ya 1850 iliyowagawia walowezi wa Oregon viwanja. Waliofika 1852 wangeweza kupata ekari 320 kwa wenzi, nusu ikiwa ya mke kwa jina lake, na ndiyo maana mafaili hayo hutaja tarehe na mahali pa ndoa. Huenda mume alikuwa na mke wa kwanza aliyemzaa mtoto huyo, jambo ambalo wanaonakiliana miti mara nyingi hawalichunguzi.

Jibu la 3: Ukibadilisha, andika sababu na uambatishe hati, la sivyo mwingine atarudisha kosa lilelile.