Tupeane uzoefu: mtaa wako wa kwanza Dar uliuchaguaje, na ulijutia nini?

#1 (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nimepata uhamisho toka Mbeya kuja Dar, ofisi iko Posta, naripoti mwezi ujao. Nina mke na mtoto wa miaka minne. Dar naijua ya kupita tu, nashuka stendi, nalala kwa binamu Mbagala siku mbili, nanunua mzigo Kariakoo narudi zangu. Sasa kila ninaemuuliza anausifia mtaa anaokaa yeye. Shemeji anasema njoo Kimara kuna mabasi ya mwendokasi, binamu anasema Mbagala maisha rahisi, na bosi wangu mpya kanambia Kigamboni kuna upepo. Kodi nataka isizidi laki mbili na nusu, vyumba viwili na sebule, choo ndani. Naomba tusiambiane "inategemea na mfuko wako", hilo nalijua, nataka stori. Ulichaguaje na ulijutia nini.

#2
Karibu jijini mkuu. Mimi nilianzia Kimara, nyumba nzuri kabisa, tiles, fensi, luku yangu peke yangu, dalali akanambia toka kituoni ni dakika tano. Nikalipa miezi sita. Aisee dakika tano za dalali ni zake yeye akiwa juu ya boda! Nyumba ilikuwa bondeni huko kuelekea Bonyokwa, unashuka mlima asubuhi unapanda mlima, yaani popote unapoenda kuna mlima. Boda buku kwenda buku kurudi, elfu mbili kwa siku, siku 26 za kazi ni elfu hamsini na mbili kwa mwezi. Nilikuwa najisifu nimepata nyumba ya laki na themanini kumbe nakaa nyumba ya laki mbili na thelathini na mbili alafu yenye matope. Mvua ikinyesha boda hashuki kule, anakuacha juu kwenye lami anakwambia "bosi hapa ndo mwisho", unavua viatu unavishika mkononi na suruali umekunja, laptopu kifuani kama mtoto mchanga. Hapo bado hujafika kituoni ukutane na umati wa saa kumi na mbili asubuhi. Wajanja walikuwa wanapandia Korogwe kurudi nyuma mpaka Kimara Mwisho ili wageuze na gari wamekaa. Na mvua kubwa ikishuka Jangwani pakajaa maji, mwendokasi haipiti, mnaishia Magomeni mnaangaliana.

#3
Mimi ni mdada, nilitoka Tanga 2014, sikuwa na ndugu Dar. Nilichagua Sinza kwa sababu ndo jina nililokuwa nalisikia sikia, basi, sina sababu nyingine hahaha. Chumba nilienda kukiona Jumanne saa nne asubuhi. Kimya, miti, kina mama wanafua, nikasema hapa ndo penyewe. Nimehamia Alhamisi. Ijumaa usiku nikajua kwamba ule ukuta nyuma ya kitanda changu, upande wa pili ni baa. Kuna glasi sita za zawadi niliziweka juu ya kabati, nimelala nikasikia ka-sauti ti ti ti ti, nikawasha taa nikakuta glasi zinatembea! Mziki unapiga besi zinasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, mbili zilikuwa zishaanguka kwenye nguo. Saa tisa usiku ndo wanazima, saa kumi na moja adhana, mimi kazini saa mbili. Alafu moshi wa kitimoto unaingia dirishani, na mimi situmii.

Nilivumilia miezi sita maana kodi ilishalipwa. Nyumba nendeni mkaione usiku wa Ijumaa jamani. Dalali akikataa kukupeleka usiku, hapo hapo ushapata jibu.

#4
Hapo juu mmeongelea starehe. Mimi nilipanga Kigogo karibu na bonde la Msimbazi mwaka 2011, mwezi wa nane, jua kali, ardhi imepasuka. Bei ilikuwa nusu ya nyumba za juu kule, sikujiuliza kwa nini, kijana nimetoka Singida na begi moja. Ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia kama usawa wa kiuno, nikamuuliza jirani akasema "aah, maji ya zamani hayo". Choo kiko nje na kimenyanyuliwa juu, unapanda ngazi nne kama unaenda jukwaani kuhutubia. Nikaona ni mapambo.

Desemba mwaka huo huo wote mnajua mafuriko yaliyotokea. Nilishtuka usiku nahisi godoro linacheza, nikateremsha mguu chini nikakanyaga maji. Nimetoka na simu na cheti cha fomu foo, nilikiweka juu ya dari kwa bahati tu. Baadhi ya majirani wa bondeni walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja huko, ila hiyo ilikuwa kwa wenye nyumba, mpangaji unaenda kwa shangazi.

Mkuu angalia kuta, angalia vyoo, na sikiliza majina. Wazee hawakuwa wajinga. Pale Msasani kuna mahali panaitwa Bonde la Mpunga, sasa jamani mpunga unalimwa wapi?

#5
Bosi wako hajakosea. Ofisi ikiwa Posta, Kigamboni ni karibu kuliko Kimara na Mbezi zote. Pantoni mia mbili, unashukia Magogoni pale soko la samaki la Feri, unatembea kwa mguu umefika. Mimi mwaka wa sita huu. Kuna siku pantoni moja iko kwenye matengenezo basi mnasubiri mpaka jua linawakuta, hilo sikufichi. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016 lakini hilo mpaka uzunguke Kurasini, na ukiwa na gari unalipia.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni maji. Nyumba nyingi zina visima na kisima kingi ni chumvi. Nilienda kuona nyumba, nikafungua bomba, maji yanatoka kwa presha nzuri, nikafurahi. Siku ya kwanza mke wangu anafua, sabuni inakatika katika kama maziwa yaliyoganda, povu hamna. Chai nayo ina ladha ya uji wa mgonjwa. Tukawa tunanunua madumu ya kupikia kila siku. Sasa hivi nikienda kuona nyumba nafungua bomba nakinga mkono naonja, dalali anishangae tu.

#6
Naona watu wanaikwepa Mbagala kama ukoma. Mimi ni mtu wa Lindi na niseme ukweli sikuchagua, basi lilinishusha Rangi Tatu nikabaki Rangi Tatu. Na mkichunguza wengi ndo hivyo hivyo. Watu wa kusini tumejaa barabara ya Kilwa, wanaotoka Morogoro na bara kule wako Kimara na Mbezi, yaani kila mtu kakaa kwenye mlango alioingilia mjini. Ukiugua usiku mwenzako wa kijijini yupo nyumba ya tatu. Sokoni ukipungukiwa unaambiwa chukua utaleta. Hiyo laki mbili na nusu yako huku unapata nyumba na uwanja wa mtoto kucheza, binamu yako hajakudanganya.

Usafiri ndo ulikuwa kasheshe, nimepandia dirishani miaka mitatu na shati limechomekewa, kuna siku kiatu kilibaki nje mguu uko ndani. Njia ya mwendokasi Kilwa Road ishajengwa, kwa hiyo mtoto wa leo hatajua raha ya dirisha.

#7
Naongezea moja fupi ila inauma. Kabla hujalipa nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au mtafute mjumbe, muulize ile nyumba haina mgogoro na haimo kwenye hifadhi ya barabara. Mimi 2017 nilikuwa nimelipa mwaka mzima, nyumba kando ya Morogoro Road upande wa Mbezi, alama ya X ilipigwa nyekundu lakini mwenye nyumba kapaka rangi juu yake. Ilivyokuja bomoabomoa ya upanuzi wa barabara nilikuwa nimekaa miezi minne. Unamdai nani? Mwenye nyumba mwenyewe kakaa kwenye kifusi analia, nikamnunulia soda.

#8
Mimi siko Dar niko Dodoma, lakini funzo langu linakuhusu. Tulivyohamia huku na serikali nikapanga Nkuhungu kwa sababu ofisi ilikuwa mjini, karibu kabisa. Baadae ofisi ikahamia Mtumba, upande wa pili kabisa wa mji. Nilijipangia kwa kufuata ofisi, ofisi ikanikimbia. Kwa hiyo muulize bosi wako kwanza kama hapo Posta mpo mpo sana.

#9
Samahanini kaka zangu, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Posta, Posta, Posta. Huyu mwenzenu kasema ana mke na mtoto wa miaka minne, yeye Posta anashinda huko na kiyoyozi, wanaobaki na huo mtaa kutwa nzima ni kina nani? Mimi mume wangu alinipangishia nyumba nzuri huko ndani ndani ya Goba enzi hizo ikiwa bado pori, akaja kunichukua toka Moshi kwa madaha. Duka liko mbali, zahanati mbali, jirani wa karibu ni mlinzi wa nyumba ambayo haijaisha. Miezi minne sikuwa na mtu wa kumwambia hata "umeamkaje". Mtoto alipata homa saa sita usiku nikapiga simu kwa boda wanne hakuna anaekuja.

Tulivyohama nikasema safari hii natafuta mimi. Nilienda Tabata bila dalali, nikatafuta genge nikakaa kwenye benchi nikanunua nyanya za buku, tukaanza kuongea. Mama wa genge anajua kila kitu. Anajua maji yanatoka siku gani, anajua mwenye nyumba gani anakata umeme ukichelewa siku mbili, anajua nyumba gani wapangaji hawamalizi miezi sita na kwa nini. Dalali analipwa ukipanga, mama wa genge halipwi chochote, na anataka jirani anaenunua mboga kila siku sio anaehama. Nipo Tabata mwaka wa nane sasa.

#10 (mleta mada)
Asanteni sana wakuu, na dada namba 9 nimempa mke wangu simu akasoma mwenyewe, kacheka kwa uchungu.

Mrejesho. Nilikuja Dar wikiendi hii. Ijumaa usiku nimezunguka Kigamboni, kuna nyumba moja dalali kanionyesha, nzuri sana, geti la bluu, laki mbili na ishirini, na maji nimeonja sio chumvi. Kuta safi, hamna mstari. Nikasema hapa nalipa. Dalali ananiambia kuna mtu mwingine anakuja na hela saa tatu asubuhi, niwahi. Nikamwambia nisubiri nanunua vocha. Nikaenda genge la kona, nikanunua nyanya, nikamuuliza mama pale kuhusu nyumba ya kupanga. Akaniuliza, "Ile ya geti la bluu?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama, akasema "haya", akaendelea kupanga nyanya zake.

Sikuuliza tena. Nimerudi kwa dalali nikamwambia twende nyingine. Jumapili nimelipa miezi mitatu Mjimwema, laki mbili na nusu kamili, genge liko geti la pili na kuna watoto wengi wa umri wa mwanangu.

#11
Safi. Dalali wa geti la bluu hakukudai hela ya kukuonyesha?

#12 (mleta mada)
Elfu ishirini kaka. Na nyanya za buku mbili.